Ukitaka picha ya Nairobi, anza na mwezi, si nauli

Sema ukweli: kwa simu yako kuna ile picha ya jiji umeihifadhi, ukijiambia siku moja utaipiga mwenyewe. Yangu ni Nairobi jioni kutoka juu ya KICC. Jengo la ghorofa 28, lilifunguliwa 1973, na wengi wetu hapa Habaswein tunalijua kwa noti tu.

Niliuza mbuzi wawili, nikapanda basi. Ilikuwa Julai. Hapo ndipo niliharibu.

Jina Habaswein kwa Kisomali ni vumbi jingi, na jua huku ni la bure. Sikuwahi kufikiria kuna mji ambao jua linaweza kukosekana siku nne mfululizo. Julai Nairobi ni baridi na mawingu. Nilifika juu nikaona kijivu juu, kijivu chini. Pesa zikaisha, nikarudi. Abti akaniuliza, "Mbuzi wawili kwa picha ya ukungu?"

Nilinyamaza. Leo nina jibu: kosa halikuwa kuifuata picha. Kosa lilikuwa kuifuata bila mpango.

Kwa hivyo wewe panga hivi. Chagua mwezi kwanza: Januari na Februari anga huwa safi, kabla ya mvua za Machi. Pili, saa. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, na sisi tuko karibu na ikweta, giza halingoji mtu. Uliza mapema wanafunga saa ngapi. Tatu, weka jioni mbili au tatu, si moja. Nne, kitambulisho. Vizuizi vya barabarani unavijua. Februari 2025 Rais Ruto alitia saini Wajir kuondoa ule msasa wa ziada kwa vijana wetu, basi kama bado huna, anza leo.

Utaniambia ni anasa. Mimi chuo niliacha kwa sababu ya karo, najua bei ya mbuzi. Lakini hebu tafuta picha za Kaskazini Mashariki kwa intaneti. Ukame, mizoga, akina mama kwenye foleni ya maji. Watu hutoka Nairobi na kamera, wanatupiga, wanaenda. Sisi hupigwa picha, hatupigi. Ni lini uliona Nairobi ikitazamwa na kijana wa Habaswein? Jiji kuu ni letu pia, na jicho letu litaona kitu ambacho aliyezaliwa pale amekizoea hadi hakioni tena.

Basi usiache ndoto yako kwa sababu wazee watacheka. Wacheke, mradi umepanga.

Mimi Januari narudi. Safari hii nauza mbuzi mmoja tu, na saa kumi na moja jioni nitakuwa tayari juu.