Sahani ya mtalii Kivu Kaskazini ianzie shambani Masisi na Walikale

Mgeni akiketi kwenye mgahawa wa mbuga ya wanyama na kusema hali nyama, hali samaki, hanywi maziwa wala hagusi mayai, mpishi wa Kivu Kaskazini hana haja ya kuhangaika. Sombe iliyopikwa kwa mawese na karanga, maharagi, lengalenga, bugali wa mihogo, ndizi na viazi ni vyakula ambavyo jamaa nyingi za jimbo hili hula bila kuvipa jina la kigeni.

Tatizo liko kwingine. Utalii wa jimbo hili umejengwa kwa kutangaza sokwe na volkano, na chakula cha wakulima wanaoishi jirani na wanyama hao kikaachwa nyuma. Siku milango ya mbuga itakapofunguliwa tena, kosa hilo halifai kurudiwa. Masisi na Walikale zinapaswa kuwa kwenye sahani ya mtalii, na jina la mahali chakula kilikotoka liandikwe kwenye orodha ya vyakula.

Duniani, walaji wasiotaka kitu chochote cha mnyama, wanaoitwa vegani, wamekuwa soko kubwa. Mwaka 2019 kampuni ya Disney ilitangaza zaidi ya vyakula 400 vya aina hiyo katika bustani zake za burudani za Walt Disney World, Florida, kila kimoja kikiwekewa alama ya jani ili mteja akitambue haraka. Kampuni hiyo ilihitaji mpango maalum na wapishi waliofundishwa. Huku Kivu, sehemu kubwa ya kazi hiyo ilishafanywa na akina mama zamani.

Masisi na Walikale hazina bustani za burudani. Lakini ni majirani wa mbuga mbili zinazojulikana duniani. Upande wa Sake, Masisi inapakana na Virunga, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1925 na ambayo ndiyo kongwe zaidi Afrika. Walikale imebeba sehemu ya msitu wa chini wa Kahuzi-Biega, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975, na kuingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1980.

Upanuzi wa 1975 uliingiza ndani ya mipaka ya mbuga ardhi ambayo wakaaji walikuwa wakiitegemea kwa kilimo, uwindaji na uvuvi. Malalamiko yake hayajaisha hadi leo. Kwa hiyo suala la chakula cha watalii linahusu pia haki ya watu walioambiwa walinde msitu ambao hawapati chochote kutoka kwake.

Chakula kipo

Masisi ni nchi ya milima na baridi. Udongo wake wenye rutuba hutoa viazi mbatata, maharagi, mahindi na kabichi, na malisho yake ya kijani yamelisha ng'ombe kwa miaka mingi. Hapo ndipo inapotoka jibini ya duara ambayo wengi huiita jibini ya Goma, ingawa maziwa yake hukamuliwa na kugandishwa kwenye mashamba ya Masisi. Jibini hiyo huuzwa mpaka Kinshasa.

Walikale iko chini, kwenye joto na mvua za msitu. Huko kuna mihogo, mpunga, ndizi, karanga na michikichi inayotoa mafuta ya mawese. Ukiweka mazao ya Masisi na ya Walikale mezani pamoja, chakula kamili kinapatikana: wali na maharagi, viazi na kabichi, bugali na sombe, ndizi za kupika kwa karanga.

Wapishi wanapaswa kuwa waangalifu kwa jambo moja. Asiyekula nyama tu anaweza kufurahia jibini ya Masisi na maziwa yaliyoganda. Vegani hawezi, kwa sababu vyote hutoka kwa ng'ombe. Sombe nayo mara nyingi hutiwa samaki wadogo wakavu kama sambaza, na maharagi wakati mwingine hupikwa kwa mchuzi wa nyama. Mhudumu akisema "hii ni majani tu" wakati ndani ya sufuria mna samaki, mgeni huyo hatarudi, na atawaeleza wenzake.

Dawa yake haina gharama kubwa. Sufuria mbili badala ya moja, na karatasi inayosema wazi kilichomo ndani. Majina yabaki yale yale: sombe iitwe sombe, lengalenga iitwe lengalenga. Mtalii aliyesafiri mpaka Kivu hakuja kula tambi ambazo angezipata uwanja wa ndege wa Bruxelles.

Hata vinywaji vinaweza kusimulia mahali vilikotoka. Kahawa ya arabika hulimwa kandokando ya ziwa Kivu, na pombe ya ndizi, kasiksi, inajulikana kila kijiji. Mgahawa unaomwekea mgeni kahawa ya unga ya kopo kutoka ng'ambo, huku mkulima wa kahawa akiwa kilomita chache kutoka hapo, unaharibu nafasi ambayo haukuitolea jasho.

Nyama ya pori na bei ya ukimya

Kuna sababu nyingine ya kuzipa nafasi mboga na maharagi. Katika misitu ya Walikale, nyama ya pori bado ni chakula na biashara. Familia iliyo mbali na soko, isiyo na ng'ombe wala bwawa la samaki, haiwezi kulaumiwa kama tajiri anayeagiza nyama hiyo kwa anasa mjini. Lakini athari kwa msitu ni kubwa.

Sokwe wa Grauer, anayeishi mashariki mwa Kongo peke yake, aliwekwa mwaka 2016 kwenye kundi la wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mwaka huo watafiti walikadiria kwamba wamebaki 3,800, kutoka takriban 17,000 kabla ya vita vya miaka ya 1990. Uchunguzi mpana zaidi uliochapishwa mwaka 2021 ulitoa makadirio ya 6,800, kwa kuwa ulifika sehemu ambazo awali hazikufikiwa. Hata kwa hesabu hiyo nzuri zaidi, wanyama hao ni wachache mno.

Kituo cha Lwiro, Kivu Kusini, kilichoanzishwa mwaka 2002, kinalea sokwemtu na nyani wengi walioachwa yatima baada ya mama zao kuuawa. Nyuma ya yatima wengi wa aina hiyo kuna mama aliyeuzwa kwa vipande.

Sheria ya Kongo ya Februari 2014 kuhusu uhifadhi wa mazingira inalinda wanyama hao. Lakini sheria peke yake haijazi tumbo. Mgahawa wa watalii unaotangaza waziwazi kwamba haupiki nyama ya pori, na wakati huo huo unanunua karanga, mpunga na mawese ya wanakijiji, unampa mwindaji sababu ya kushika jembe. Tangazo bila manunuzi ni maneno ya ukutani.

Pesa ya sokwe ifike shambani

Kabla ya vita kuvuruga utalii, kibali cha kuwaona sokwe wa Virunga kiliuzwa dola 400. Jirani Rwanda ilipandisha chake hadi dola 1,500 mwaka 2017. Mtu anayelipa pesa hizo hashindwi kulipia sahani ya maharagi bei ya haki. Swali ni nani anaipokea.

Virunga yenyewe imeonyesha kwamba mbuga inaweza kuwa zaidi ya wanyama na walinzi. Huko Mutwanga, eneo la Beni, umeme wa maji uliwashwa mwaka 2013, na baadaye chokoleti ikaanza kutengenezwa kwa kakao ya wakulima wa upande huo. Matebe, Rutshuru, ikafuata mwaka 2015. Mkulima wa kakao anayejua kwamba zao lake linageuzwa bidhaa karibu na kwao ana sababu ya kuitakia mbuga heri.

Masisi na Walikale hazipaswi kubaki watazamaji. Maziwa, viazi, maharagi, mpunga na mawese havihitaji teknolojia ya ajabu. Vinahitaji mnunuzi anayeeleweka, bei inayojulikana mapema, na barabara.

Vita, njaa na vizuizi

Wapo watakaosema kwamba huu si wakati wa kuzungumzia migahawa. Wana hoja nzito. M23 iliteka Masisi-centre na Goma Januari 2025, ikaingia Walikale-centre Machi na kuondoka mwezi uliofuata. Mashamba yameachwa, ng'ombe wameporwa, watu wamekimbia zaidi ya mara moja. Machi 2025, ripoti ya usalama wa chakula ya IPC ilionyesha kwamba takriban watu milioni 28 nchini Kongo walikuwa katika njaa kali.

Kuzungumzia sahani ya mtalii mbele ya takwimu hiyo kunaweza kuonekana kama dhihaka. Lakini mkulima wa Masisi aliyekimbilia kambini hataki kuishi kwa msaada milele. Anataka kurudi, kupanda na kuuza. Maamuzi ya atakayemuuzia hufanywa mapema, katika ofisi na hoteli, muda mrefu kabla ya viazi vya kwanza kuchimbwa. Ikiwa mikataba itaandikwa bila yeye, amani itamkuta nje ya soko.

Hatari ya pili ni bei. Hoteli zikianza kununua kwa dola, maharagi yanaweza kupanda bei kwa mama anayenunua kwa franka. Ndiyo maana manunuzi yapitie vyama vya wakulima, yafanywe kwa kiasi kinachotangazwa, na yaanze na ziada ya mavuno.

Hatari ya tatu iko barabarani. Mwaka 2017, watafiti wa shirika la IPIS walihesabu vizuizi 798 katika Kivu mbili, vikiwamo vya makundi yenye silaha na vya watumishi wa serikali, na vingi vilikuwa mahali pa kutoza wapita njia. Gunia la viazi linalotoka Masisi linaweza kulipa mara kadhaa kabla ya kufika sokoni. Na Walikale, ndege ziliwahi kutua kwenye kipande cha lami Kilambo kuchukua madini, wakati mihogo ya jirani ikikosa lori. Palipopatikana njia ya kutoa mawe ya bati, palikosekana nia ya kutoa chakula.

Yanayoweza kufanyika sasa

Taasisi ya uhifadhi ya Kongo, ICCN, na washirika wake wanaosimamia hoteli za mbuga wanaweza kuweka kanuni leo: sehemu kubwa ya chakula inunuliwe katika maeneo yanayopakana na mbuga, Masisi na Walikale zikiwamo, na hesabu zitangazwe kila mwaka. Wapishi wapatikane kwanza miongoni mwa wanawake wa hapo, wanaojua kwa mikono yao sombe inavyopikwa. Kila mgahawa uwe na chakula kamili kisicho na kitu cha mnyama, na uandike wazi kwamba hauuzi nyama ya pori.

Serikali ya jimbo, kwa upande wake, ina jukumu ambalo hakuna mpishi anayeweza kulibeba: kuondoa vizuizi visivyo halali na kutengeneza barabara ya Sake, Masisi mpaka Walikale. Bila hiyo, hoteli ya Goma itaendelea kuona ni rahisi zaidi kuagiza chakula kutoka ng'ambo ya mpaka.

Wageni watarudi Kivu Kaskazini, kama walivyorudi Februari 2019 Virunga ilipofunguliwa tena baada ya kufungwa miezi kadhaa. Wakulima wa Masisi na Walikale wana haki ya kujua tangu sasa kama watakuwa wauzaji wa chakula hicho, au watayaona tu magari ya watalii yakipita.