Kabla hujamnyima mtoto yai kwa kuogopa GMO

Mama mmoja wa Ipogolo, Iringa, ameniandikia kuhusu mwanawe wa miezi 14. Kwenye kundi la WhatsApp la mtaani kwao ilizunguka sauti ya mtu akionya kwamba kuku wa mayai siku hizi wanalishwa GMO, na kwamba anayekula yai lao anaingiza GMO hiyo mwilini. Mtoto alikuwa akipata yai moja kila siku kutoka kwa jirani anayefuga. Sasa ni wiki ya tatu halipati. "Nimerudi kwenye uji mtupu," anaandika, "na naona mtoto anapungua. Nifanyeje?"

Ningemjibu kwa simu yakaisha, ila swali hilohilo limenifikia mara mbili kutoka Mbeya, moja likihusu maziwa na jingine kuku wa nyama. Naona hofu imeshaingia jikoni, tuizungumze hapa.

Jibu langu kwa mama huyu ni fupi: mrudishie mtoto yai lake leo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Iringa ina asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Njombe wamezidi kidogo asilimia 50. Hii ni mikoa inayolisha nchi mahindi! Ghala limejaa, na mtoto anakula uji na ugali asubuhi hadi jioni bila yai, maziwa, dagaa wala nyama. Katika mkoa kama huo, taarifa yoyote inayomwondolea mtoto yai lazima iwe na ushahidi mzito sana nyuma yake. Hii haina.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. GMO ni zao ambalo wataalamu wameliingizia kinasaba maabara, kwa mfano mahindi yanayojitengenezea kinga dhidi ya viwavi, au soya inayostahimili dawa ya kuua magugu. Huku kwetu neno hilo limebandikwa kwenye kila kitu cha kisasa. Mbegu chotara kama UH 6303 ya Uyole watu wanaiita GMO, na kuku wa nyama anayekua kwa wiki sita naye anaitwa GMO. Mbegu chotara ni matokeo ya kupandisha mahindi kwa mahindi shambani. Kuku wa nyama ametokana na miaka mingi ya kuchagua majogoo na mitetea wanaokua haraka na kuwapandisha, kama mfugaji wa ng'ombe anavyochagua dume.

Pili, Tanzania haijaidhinisha zao lolote la GMO kulimwa kibiashara. Yalikuwepo majaribio ya mahindi yanayovumilia ukame pale Makutupora, Dodoma, ndani ya uzio, kuanzia mwaka 2016. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo iliagiza yasimamishwe na mabaki yateketezwe, na Januari 2021 waziri wa kilimo wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, akarudia msimamo wa kusitisha majaribio ya aina hiyo. Kwa hiyo kuku wa jirani anayekula pumba za mahindi ya Mbozi, mashudu ya alizeti na soya ya Ruvuma anakula mazao ya mbegu za kawaida.

Lakini tuseme umenunua mfuko wa chakula cha kuku wenye soya kutoka nje. Soya nyingi inayouzwa duniani hutoka Brazil, Marekani na Argentina, na karibu yote huko ni GMO. Je, yai litabadilika?

Kuku akila punje, tumbo lake linavunjavunja vinasaba na protini kuwa vipande vidogo, kisha mwili unajenga vyake upya. Kila punje ya mahindi, ya GMO au ya bibi yako, ina vinasaba maelfu. Sisi tumekula matembele tangu utotoni na hakuna aliyeota majani. Watafiti wamepata vipande vya vinasaba vya kawaida vya mimea kwenye nyama ya kuku, hilo ni kweli na wala si siri, ila haijaonekana vikigeuka kuwa sehemu ya kuku au ya mlaji.

Upo pia ushahidi wa zizini. Marekani ilianza kulisha mifugo mazao ya GMO mwaka 1996. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walikusanya takwimu za afya na uzalishaji wa mifugo kabla na baada ya hapo, wanyama zaidi ya bilioni 100, na mwaka 2014 wakachapisha matokeo: hawakuona mabadiliko ya magonjwa wala vifo yanayoweza kuhusishwa na chakula hicho. Ulaya, ambayo kwa kulima inaikataa karibu GMO yote, huagiza takriban tani milioni 30 za soya na mashudu yake kwa mwaka, nyingi zikiwa GMO, na kuwapa ng'ombe, nguruwe na kuku wake. Sheria yao inadai mfuko wa chakula cha mifugo uandikwe. Yai na maziwa ya mnyama aliyekula hayadaiwi maandishi.

Picha za panya wenye uvimbe zinazosambaa kila mara zina historia iliyogusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Zilitoka kwenye utafiti wa Gilles-Éric Séralini wa Ufaransa, Septemba 2012. Miezi miwili baadaye Kenya ikapiga marufuku kuingiza vyakula vya GMO, utafiti huo ukitajwa kama sababu. Shida yake ni kwamba kila kundi lilikuwa na panya kumi tu, na ni wa ukoo unaopata uvimbe kirahisi wakizeeka hata wakila nini. Jarida liliuondoa mwaka 2013, ingawa jingine liliuchapisha tena mwaka uliofuata. Umoja wa Ulaya uligharamia utafiti mpya wa miaka miwili, wenye panya wengi zaidi, kwa aina ileile ya mahindi, na madhara yale hayakuonekana. Kenya iliondoa marufuku Oktoba 2022 wakati wa ukame, na chakula cha mifugo kikiwemo. Kesi mahakamani zikafuata.

Sitaki mtu anielewe kwamba kila GMO ipite bila kuulizwa. Marekani iliwahi kuruhusu aina ya mahindi iitwayo StarLink kwa mifugo tu, kwa sababu kulikuwa na shaka kwamba protini yake ingeweza kuleta mzio kwa binadamu. Mwaka 2000 mahindi hayo yakakutwa kwenye vyakula vya madukani. Uchunguzi wa watu 28 waliodai kudhurika haukupata ushahidi kwamba walikuwa na mzio wa protini hiyo, lakini fundisho lilibaki: kuliambia hindi "wewe ni la ng'ombe tu" ni kujidanganya. Huku kwetu, ambako unga unaenda mezani na pumba za gunia hilohilo zinaenda bandani, ndiyo kabisa. Maswali ya nani amiliki mbegu na mkulima ailipie nini kila msimu nayo ni ya haki. Ila hayo ni ya bungeni na shambani, na mtoto wa miezi 14 asiadhibiwe kwa ajili yake.

Sasa nije kwenye kinachonisumbua mimi. Katika nyumba nyingi za Mbeya na Iringa, mahindi yaliyoota ukungu hayatupwi. Yanachaguliwa, mazuri yanaenda mashineni, yaliyooza yanaambiwa "hayo ya kuku" au "mpe ng'ombe". Ukungu huo unaweza kubeba sumukuvu, na sumukuvu ina ushahidi wa kuua ambao GMO haina. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 20 wakafariki. Ikiingia kidogokidogo kwa miaka, husababisha saratani ya ini, na kwa mwenye homa ya ini aina ya B hatari inaongezeka maradufu na zaidi. Sumu yenyewe iligunduliwa kupitia chakula cha mifugo: mwaka 1960 Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga.

Baridi ya nyanda zetu inapunguza sumukuvu ya aina hiyo, haiizuii. Na kuna nyingine, fumonisini, inayopenda mahindi yaliyotobolewa na wadudu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kwa mahindi ya wakulima wa Tabora, Kilimanjaro, Iringa na Ruvuma uliikuta kwenye zaidi ya nusu ya sampuli.

Kwenye yai, sumukuvu inayopita kutoka kwenye chakula cha kuku ni kidogo. Maziwa ndiyo ya kuangalia. Ng'ombe akila mahindi au mashudu yenye ukungu jioni, sehemu ya sumu inatoka kwenye maziwa ndani ya siku moja, na kuchemsha hakuiondoi. Habari njema kwa wafugaji wa Rungwe na kwingine ni kwamba ukikibadilisha chakula, maziwa yanasafika ndani ya siku chache.

Kwa hiyo, mama, kwa jirani yako uliza maswali mawili tofauti na lile la WhatsApp. La kwanza: mahindi na mashudu unayolisha yamekauka vizuri, na hayana ukungu wala harufu ya uvundo? La pili: umewapa kuku dawa wiki hizi, na je, siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa zimeisha kabla ya kuuza mayai? Mfugaji mwaminifu hatakasirika. Yai lipikwe likaive hadi kiini kigande.

Nilipomtumia majibu haya akarudisha swali jingine: ana debe mbili za mahindi yaliyonyeshewa yakaota ukungu wa kijani, alikuwa ameahidi kumpa jirani huyohuyo kwa ajili ya kuku. Asimpe, na asiyasage kwa uji wala kuwapa nguruwe. Kuyaosha au kuyaanika upya hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia kwenye punje. Achimbe shimo mbali na kisima, ayafukie.