Kuuliza si Uasi

Hali ya hatari iliyotangazwa Kaskazini Mashariki mwaka 1963 iliondolewa 1991. Katika miaka hiyo raia walizoeshwa kunyamaza. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na kikosi maalumu kilifika baada ya saa nyingi. Wananchi walisambaza majina na picha za marehemu katika Twitter, wakidai majibu.

Twasema: desturi hiyo isiishie matangani. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Ndugu wapendwa, mwulizeni mbunge na gavana hadharani kuhusu fedha, maji na usalama. Chapisheni swali, tarehe na jibu. Akinyamaza, chapisheni kwamba amenyamaza. Asiye na simu asomewe, na swali lake lipelekwe pia.