UCHANGANUZI: Muziki hubainisha kizazi, lakini kudumu kwake hutegemea watunzaji

Kila mara mtindo mpya wa muziki unapochipuka nchini, malumbano yale yale hufufuka. Wazee hudai kuwa hizo ni kelele tu zitakazosahaulika kabla ya mwaka kwisha. Vijana nao hushikilia kuwa hiyo ndiyo sauti yao, na kwamba asiyeielewa amepitwa na wakati.

Malumbano hayo yalipamba moto kuanzia mwaka wa 2018, kundi la Ethic lilipotoa kibao ‘Lamba Lolo’ na kuufungulia njia mtindo uliokuja kuitwa gengetone. Mnamo Novemba 2019, Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya (KFCB) iliushutumu wimbo mwingine wa kundi hilo, ‘Tarimbo’, kwa madai kuwa ulihimiza dhuluma dhidi ya wanawake. Wimbo huo uliondolewa kwenye mtandao wa YouTube.

Kinaya ni kwamba miongoni mwa waliopandwa na mori walikuwemo watu waliocheza genge na kapuka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wakati huo, Nonini na wenzake wa studio ya Calif Records ndio waliokuwa wakinyoshewa kidole cha lawama kwa mashairi yaliyosemekana kukiuka maadili. Aliyekuwa mshtakiwa jana, leo ndiye hakimu.

Tatizo la mjadala huu ni kwamba maswali mawili tofauti huchanganywa na kufanywa moja. La kwanza ni iwapo muziki unaweza kukibainisha kizazi. La pili ni iwapo muziki huo utadumu. Majibu yake hayafanani.

Kuhusu swali la kwanza, historia ya karibuni ya Kenya inatoa ushahidi wa kutosha. Mwaka wa 2002, Gidi Gidi Maji Maji walitoa wimbo ‘Unbwogable’. Jina hilo liliundwa kwa kulivisha neno la Kiluo viambishi vya Kiingereza, nalo humaanisha asiyetishika. Wimbo haukutungiwa chama chochote. Hata hivyo, wafuasi wa muungano wa NARC waliunyakua na kuufanya kauli ya kampeni iliyohitimisha utawala wa KANU wa karibu miaka 40, katika uchaguzi wa Desemba mwaka huo.

Miaka 22 baadaye, jambo kama hilo lilijirudia. Juni 2024, vijana waliomiminika barabarani kupinga Mswada wa Fedha waliimba na kuucheza wimbo ‘Anguka Nayo’ wa kundi la Wadagliz. Huo nao ulikuwa wimbo wa densi. Lakini baada ya Juni 25, siku ambayo waandamanaji waliingia Bungeni na wengine wakauawa kwa risasi, wengi waliokuwepo hawawezi tena kuusikia bila kuikumbuka siku ile.

Funzo la matukio haya mawili ni kuwa mtunzi peke yake hana uwezo wa kuamua ni wimbo upi utakaokuwa nembo ya rika lake. Yeye hutoa sauti, nalo tukio huipiga muhuri.

Hata hivyo, kuna haja ya kutahadhari. Kizazi si kwaya moja. Katika muongo ule ule ambapo genge na kapuka zilitawala vituo vya FM, vijana wengi katika maeneo ya Nyanza na Ukambani walikuwa wakicheza benga. Pwani, taarab haikukosekana harusini. Isitoshe, wimbo wa injili ‘Kuna Dawa’ wake Esther Wahome ulisikika kanisani na ndani ya matatu vile vile. Aghalabu, kinachoitwa muziki wa kizazi huwa ni muziki wa waliokuwa karibu na maikrofoni.

Swali la pili, la kudumu, ndilo gumu zaidi. Lugha ya Kiswahili yenyewe imelitolea fumbo kupitia neno ‘zilipendwa’. Neno hilo limefungwa katika wakati uliopita, ilhali nyimbo zinazoitwa hivyo bado zinapendwa.

Mfano mzuri ni ‘Malaika’, ambao Fadhili William aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wimbo huo wa mapenzi na ufukara umeimbwa na Miriam Makeba, Harry Belafonte na kundi la Boney M, na hadi leo huimbwa katika hoteli za Pwani. Umedumu kwa sababu ni mwepesi kuukariri, na hali ya mchumba asiye na mahari ingalipo.

Wale wanaodai kuwa nyimbo za vijana wa miaka ya 2000 zilikuwa za kupita tu nao wana jambo la kujibu. Issah Mmari, aliyefahamika kama E-Sir, alifariki katika ajali ya barabarani karibu na Nakuru mnamo Machi 2003, akiwa na umri wa miaka 21. Alikuwa ametoa albamu moja pekee, ‘Nimefika’. Zaidi ya miongo miwili baadaye, ‘Boomba Train’, aliouimba pamoja na Nameless, bado huwainua kitini watu ambao hawakuwa wamezaliwa alipofariki.

Fauka ya hayo, mtindo wa arbantone uliovuma miaka ya 2023 na 2024 umejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya midundo ya nyimbo za enzi hiyo. Kilichoitwa kelele kimekuwa malighafi ya wajao.

Lakini itakuwa kosa kudhani kuwa kinachodumu ni kile kilicho bora tu. Nyimbo nyingi nzuri zimetoweka kwa sababu santuri zilivunjika, kanda za kaseti zikaliwa na ukungu, na studio zikafungwa bila kuacha nakala. Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri hadi Bombay mwaka wa 1928 kurekodi nyimbo zake. Alifariki mwaka wa 1950, lakini sauti yake ingali inasikika, na Bi Kidude alizibeba nyimbo zake hadi kifo chake mwaka wa 2013. Waimbaji wa wakati wake ambao hawakurekodiwa hakuna anayeweza kuwasikia leo.

Suala la umiliki nalo halitengani na la kudumu. Fadhili William alifariki mwaka wa 2001, huku ubishi kuhusu nani hasa alitunga ‘Malaika’ ukiwa haujazikwa. Adam Salim ni miongoni mwa waliotajwa kuwa watunzi wake. Sheria ya Hakimiliki ilipitishwa mwaka huo huo. Chini ya sheria hiyo, haki za mtunzi huendelea kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Hata hivyo, haki hiyo haiwafai warithi wasio na mkataba, rekodi wala ushahidi wa nani alitunga nini.

Wapo walioanza kazi ya uokozi. Shirika la Ketebul Music jijini Nairobi, chini ya Tabu Osusa, limekusanya na kuchapisha historia ya benga na mitindo mingine. Baada ya mwanamuziki Joseph Kamaru kufariki Oktoba 2018, mjukuu wake, ambaye pia ni mwanamuziki na hutumia jina la KMRU, ameendelea kuzitoa upya nyimbo za babu yake mtandaoni. Miongoni mwa kazi za Kamaru ni wimbo alioutoa kufuatia mauaji ya mbunge J.M. Kariuki mwaka wa 1975. Kuupoteza wimbo kama huo ni kupoteza ushahidi.

Hatari inayokikabili kizazi cha sasa ni ya aina nyingine. Wimbo wa leo mara nyingi hauna santuri wala kanda. Unaishi kwenye mitambo ya kampuni za ng’ambo, na akaunti ikifungwa au nywila ikipotea, huenda nao ukapotea. Kisa cha ‘Tarimbo’ kilionyesha jinsi ilivyo rahisi kuuondoa. Hata anayeamini kuwa ulistahili kukemewa anafaa kujiuliza mtafiti wa mwaka wa 2060 atausomea wapi ugomvi huo.

Kwa mintarafu hii, Shirika la Utangazaji nchini (KBC), lililorithi maktaba ya Sauti ya Kenya, linapaswa kuwezeshwa kuzihifadhi rekodi hizo kidijitali na kuzifungulia umma. Wasanii chipukizi nao wanapaswa kuweka nakala zao wenyewe, kuandika majina ya wote walioshiriki, na kutia saini mikataba kabla ya wimbo kuvuma.

Ubishi kuhusu muziki upi ni bora hautakwisha, wala si lazima uishe. Lakini kizazi kisichohifadhi nyimbo zake kitawaachia wajukuu ubishi usio na ushahidi.