Fundi Akisema "Tupige Windows Upya", Muulize Swali Hili Kwanza

Wafanyabiashara wenzangu, kompyuta ya duka ikijaa, mafundi wengi dawa yao ni moja: kupiga Windows upya. Mimi nasema usikubali haraka.

Nina steshenari hapa Themi. Kompyuta yangu ilikuwa na SSD ya GB 128, ikajaa picha za pasipoti na CV za wateja. Nikakubali ipigwe Windows upya. Programu ya stoo ikaondoka na orodha yote ya madeni. Sasa nani atakuja mwenyewe kusema "nadaiwa"?

Ilipojaa tena nilinunua SSD ya GB 512, tukakloni. Yaani SSD mpya inachomekwa pembeni kwa waya wa USB, diski nzima inanakiliwa kama ilivyo: Windows, programu, mafaili. Kesho yake nikafungua duka kama kawaida.

Zingatia haya:

1. Kabla ya kuanza, weka mafaili ya muhimu kwenye flashi. Umeme wetu mnaujua.

2. Ukimaliza, C inaweza kuonyesha ukubwa ule ule wa zamani. Hujaibiwa, nafasi ipo ila haijaunganishwa. Fundi aiunganishe na C ndipo umlipe.

3. Diski ya zamani ondoka nayo. Usiifute hata mwezi mzima, na usimwachie fundi. Humo mna vyeti na namba za NIDA za watu waliokuamini.

Kwa hiyo muulize: "Utakloni au utafuta?" Akisema atafuta, beba kompyuta yako.