KUSHIBA SI KULISHWA

Wako mabwana wasemao kwamba habari ya chakula cha shule imekwisha. Wasema siku hizi shule nyingi zina jiko, na mchana watoto hupewa makande au ugali. Ukiwauliza ndani ya makande hayo mna nini, na kiasi gani, hukunja uso na kujibu: “Mna mahindi na maharage. Mlitaka pilau?”

Hatukutaka pilau, mabwana. Twataka kipimo. Twataka ijulikane mtoto wa darasa la tatu anapaswa kupata nini katika bakuli lake, nani anayelipa, na nani atakayeulizwa siku ambayo mtoto hakupata. Hayo ndiyo yaitwayo viwango vya lishe. Wengine wanadhani ni maneno ya wataalamu ya kuzungumzwa katika semina na kuachwa huko huko. Sivyo. Ni maneno ya kila mwananchi aliye na mtoto darasani, na ya kila mwananchi atakayetibiwa, atakayefundishwa na atakayelindwa kesho na mtoto huyo.

Tuanze na aibu yetu. Utafiti wa serikali yenyewe wa mwaka 2022 kuhusu afya ya mama na mtoto ulionyesha kwamba katika Tanzania watoto 30 kwa kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Hiyo ni hesabu ya nchi nzima. Sasa tazama mikoa iliyoongoza kwa udumavu: Iringa 57 kwa kila 100, Njombe 50, Rukwa 50.

Ndugu msomaji, soma tena majina hayo. Je, hiyo ni mikoa ya ukame? Ni mikoa ya njaa? La hasha! Hilo ndilo ghala letu. Mahindi ya Nyanda za Juu Kusini ndiyo yanayojaza malori kwenda Dar es Salaam na kuvuka mipaka. Kama gunia la mahindi peke yake lingetosha kumkuza mtoto, watoto wa Iringa wangekuwa warefu kuliko wote nchini. Wajuzi hutaja sababu nyingi za udumavu: maradhi, maji machafu, kazi nyingi za mama shambani, na chakula cha aina moja asubuhi mpaka usiku. Mahindi yapo. Kinachokosekana ni vile vingine vyote.

Utafiti huo huo ulionyesha kwamba watoto 59 kwa kila 100, wa kuanzia miezi 6 hadi karibu miaka 5, wana upungufu wa damu. Watoto hao hawakai nyumbani milele. Mwaka wa pili au wa tatu wanavaa sare, wanaketi darasa la kwanza, na mwalimu anaanza kulalamika kwamba fulani ni mzito, fulani anasinzia, fulani hashiki hesabu. Twamchapa mtoto kwa kosa la damu yake!

Hebu sasa tufunue sufuria. Wazee wetu walipopika mahindi na maharage pamoja walikuwa na akili kubwa. Protini ya mahindi ina upungufu ambao maharage huujaza. Kila kimoja humsaidia mwenziwe. Lakini maharage yana bei. Yakipanda, kamati ya shule hupunguza. Yakipanda tena, hupunguza tena. Mwisho makande huwa ni mahindi yaliyopitiwa na maharage yakielekea kwingine. Chumvi imo, maji yamo, mtoto tumbo limejaa. Nani atajua?

Tena madini ya chuma yaliyomo katika maharage hayaingii mwilini kwa urahisi mpaka yapate mwenzi mwenye vitamini C: chungwa, embe, pera, au mboga ya majani isiyopikwa mpaka ikafa. Na mtoto akinywa chai pamoja na chakula, chai hiyo huzuia hata kile kidogo kilichokuwa kikiingia. Ugali nao una siri yake. Unga wa sembe umeondolewa ganda na kiini, na huko ndiko vilikokuwa vitamini na madini mengi. Dona hubaki navyo. Na uji wa asubuhi wa sembe, maji na sukari, ambao twaupigia makofi kila unapozinduliwa, humpa mtoto nguvu ya kukimbia mpaka mapumziko, basi.

Wala hatusemi ziagizwe dawa za ng’ambo. Dagaa wa Ziwa Victoria wapo. Mchicha, matembele, kisamvu na majani ya maboga yapo. Viazi lishe vya rangi ya njano vipo, navyo vina vitamini A. Karanga zipo. Kijiko cha mafuta ya alizeti ya Singida kipo, na bila mafuta vitamini A hiyo hupita bure. Nchi hii haikosi chakula cha mtoto. Inakosa amri ya kukiweka bakulini.

Hapo mabwana wetu hutoa karatasi. “Mwongozo upo!” wasema. Kweli upo. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 serikali ilitoa mwongozo wa taifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimu ya msingi wa Tanzania Bara. Tumpe kila mtu haki yake: kuwa nao ni bora kuliko kutokuwa nao, na mambo ya makundi ya chakula umeyasema vizuri. Lakini ukifika penye swali la nani atanunua, jibu ni mzazi na jamii. Mtaalamu ameandika, mkuu amezindua, na mama wa kijijini ndiye aliyepelekewa hesabu.

Ada ilifutwa, na kuanzia mwaka 2016 elimu ya msingi mpaka kidato cha nne ikawa bila ada. Tulifurahi, na tunafurahi bado. Lakini mchango wa chakula ulibaki mlangoni: debe la mahindi, kilo za maharage, fedha ya mpishi, na kuni. Mwenye kuweza alichanga. Asiyeweza, mwanawe hukaa chini ya mwembe akiwatazama wenziwe wakila. Mtoto yule yule mwenye njaa kuliko wote nyumbani ndiye anayekosa chakula shuleni! Je, kuna mpango uliopinduka kichwa chini kuliko huu?

Sasa tuwajibu wapinzani wetu mmoja mmoja, maana hatukimbii hoja.

Wa kwanza wasema: “Nchi ni maskini. Ashibe kwanza, lishe itafuata.” Miaka mingapi tumengoja ifuate? Kushiba bila lishe kumejaribiwa Iringa, na majibu tumekwisha kuyaona.

Wa pili wasema: “Mtoto ni wa mzazi, mzazi amlishe.” Nyumbani, naam. Lakini serikali inapomwamuru mtoto awepo shuleni tangu asubuhi mpaka alasiri, na kwa wengine ni mwendo wa kilomita kadhaa kwenda na kurudi, mchana huo ni wa serikali. Hakuna mzazi anayeambiwa achange chaki kwa kadiri ya pato lake. Njaa ni adui wa somo kuliko ukosefu wa chaki.

Wa tatu wana hoja nzito, nasi twaiheshimu. Wasema: “Mkiweka viwango vikali, shule isiyoweza kuvifikia itazima jiko, na hata makande yale hayatakuwapo.” Ni kweli, kama mzigo wa kiwango utawekwa juu ya kamati ya shule yenye wakulima sita na mwalimu mkuu. Sisi hatusemi uwekwe hapo. Mwenye kutoa amri ndiye atoe fedha. Kiwango na fedha ni mapacha. Ukimzika mmoja, mwingine hataishi.

Hayo tumeyaona kwa wenzetu. Waingereza walipoona kwamba vijana wengi walioitwa vitani dhidi ya Makaburu hawafai kwa udhaifu wa mwili, hawakuwahubiria wazazi tu. Mwaka 1906 walipitisha sheria iliyoziruhusu mamlaka za elimu kutumia kodi kuwalisha watoto wa shule. Mwaka 1941, katikati ya vita vingine, waliweka kipimo cha chakula hicho. Mwaka 1944 sheria ya elimu iliufanya mlo wa shule kuwa wajibu wa mamlaka. Wakati huo Tanganyika ilikuwa mikononi mwao. Sheria ile haikuvuka bahari kuja kwa watoto wetu! Kisha mwaka 1980 serikali ya Margaret Thatcher iliondoa vyote viwili kwa sheria moja, wajibu na kipimo. Chakula cha shule zao kikaharibika mpaka viwango vikarudishwa Uingereza mwaka 2001, na kukazwa mwaka 2006 baada ya wazazi kuona katika televisheni, mwaka 2005, takataka walizokuwa wakilishwa watoto.

Marekani nako kuna kisa cha kuchekesha na kuliza. Sheria yao ya mlo wa shule ni ya mwaka 1946. Mwaka 1981 serikali ya Ronald Reagan ilipunguza fedha za mlo huo, na mara wakubwa wa wizara ya kilimo wakapendekeza kwamba viungo vya kutia ladha vihesabiwe kuwa mboga. Magazeti yakapiga kelele kwamba sasa hata sosi ya nyanya ya chupani imekuwa mboga! Nchi ikacheka, pendekezo likaondolewa. Lakini mwaka 2011, wenye viwanda vya piza walipolalamika, Bunge lao lilizuia kanuni mpya, na vijiko 2 vya nyanya ya kopo juu ya piza vikaendelea kuhesabiwa kama nusu kikombe cha mboga.

Somo ni moja. Fedha ikipunguzwa, kipimo huteremshwa ili kiifuate, na maneno hugeuzwa maana ili mkosaji asionekane. Wao walisema sosi ni mboga. Sisi twasema mahindi yaliyochemka ni mlo kamili. Tofauti ni ipi?

Wala tusiambiwe kwamba haya ni ya matajiri tu. Jirani zetu wa Kenya walianza mwaka 2009 mpango wa kulisha shule kwa fedha za serikali yao na mazao ya nchini, na mwaka 2018 walizipokea shule zote zilizokuwa zikilishwa na Shirika la Chakula Duniani. Mwaka 2023 kaunti ya Nairobi ilifungua majiko makubwa ambamo mzazi hulipa shilingi 5 za Kenya kwa sahani, na gharama iliyobaki hubebwa na wengine. Hatusemi kwao ni peponi. Twasema wamekubali swali la nani analipa, nasi bado tunalikwepa.

Na wanaotuambia shamba la shule litatosha, twawajibu hivi: bustani ya mchicha, ndiyo; miti ya matunda, ndiyo, na ipandwe leo. Lakini nafaka ya watoto mia nane haitoki katika ekari mbili zinazolimwa na watoto wenye njaa.

Basi madai yetu ni manne.

Kwanza, mwongozo uwe sheria. Kila mtoto wa shule apate mlo mmoja kila siku ya masomo, na kiwango chake kiandikwe kwa gramu: nafaka, maharage au dagaa, mboga, mafuta. Neno “kiasi cha kutosha” lifutwe, maana halijamshibisha mtu.

Pili, liwepo fungu la fedha lenye jina. Halmashauri ziliagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa lishe ya kila mtoto aliye chini ya miaka 5. Ni fedha ndogo, haizidi bei ya soda mbili, lakini imetajwa, na kwa kuwa imetajwa diwani aweza kuiuliza. Itajwe vivyo hivyo kwa bakuli la mwanafunzi, na iwe ya kununulia chakula kweli.

Tatu, chakula kikaguliwe. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa mahindi ya nyumbani kwao. Leo debe hutoka ghala lolote na kumwagwa sufuriani bila kupimwa. Kanuni za kuongeza virutubishi katika unga zipo tangu mwaka 2011, lakini mahindi ya mchango husagwa katika mashine ya kijijini ambako kirutubishi hakijafika. Shule ikinunua kwa mkulima wa jirani, mahindi yakapimwa na unga ukaongezwa virutubishi, mkulima atapata soko na mtoto atapata damu.

Nne, asiondolewe mtoto yeyote katika foleni ya chakula kwa deni la mzazi wake. Hili halihitaji bajeti. Lahitaji haya tu.

Tangu Uhuru wa mwaka 1961 tumefundishwa maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Wote watatu huingia kwa mlango mmoja, nao ni mdomo wa mtoto asiyelishwa. Basi, ndugu mwanachama, mkutano wa kijiji au wa mtaa ukiitwa, usiende kupiga makofi tu. Simama mbele ya mwenyekiti, mbele ya diwani, mbele ya mbunge, uulize maswali matatu: Kipimo cha bakuli la mwanangu kiko wapi? Nani analipa? Nani amekikagua? Wakikujibu kwamba watoto wanashiba, waambie kwamba hata gunia hushiba likijazwa pumba.