Nani Kaifunga Ramani?

Mama yangu ana cherehani ya mguu aliyoinunua Tunduma mwaka 2006. Hakuwa na fedha yote, kwa hiyo alilipa kwa awamu tatu. Ya kwanza alitoa mkononi, ya pili baada ya kuuza ufuta, ya tatu akachelewa nayo mpaka mwenye duka akatuma mtu Chitete kumkumbusha. Alipomaliza, karatasi ya deni ilichanwa mbele yake. Tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kubisha hodi kumuuliza kama bado ana ruhusa ya kushona.

Mimi nina kompyuta mpakato. Nasoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, mambo ya mipango ya ardhi, na mwaka jana nilirudi nyumbani kufanya utafiti katika kijiji kimoja jirani na Chitete. Kijiji kilikuwa kinaandaa mpango wa matumizi ya ardhi: hapa mashamba, hapa malisho, hapa msitu, hapa makazi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi hiyo, lakini mpango haupiti mpaka mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote waliokaa chini ya mwembe, waukubali. Watu hao hawapigii kura maneno. Wanataka waone mstari unapita wapi.

Kwa wiki tano nilizunguka na vijana watatu wa kijiji na GPS ya mkononi. Tulipima visima, makaburi, njia za mifugo, mapito ya maji ya masika. Sehemu ngumu ilikuwa ukingo wa korongo moja ambao wakulima wanasema ni mashamba ya babu zao na wafugaji wanasema ndiyo njia pekee ya ng'ombe kufika mtoni. Tulilipita korongo lile mara nne, mara mbili na wakulima, mara mbili na wafugaji. Usiku nilichora. Tabaka juu ya tabaka, rangi, majina ya vitongoji, yote ndani ya programu tuliyofundishwa chuoni, inayolipiwa mwaka hadi mwaka.

Siku mbili kabla ya mkutano niliiwasha kompyuta nikakuta kidirisha kidogo: leseni imekwisha muda, ingia kwenye intaneti kuthibitisha. Mtandao kijijini unasuasua, kwa hiyo nilipanda bodaboda mpaka Tunduma, nikanunua bando, nikaingia. Jibu likaja kwamba akaunti yangu haitambuliki tena. Baada ya simu nyingi nikaelewa: mkataba wa chuo na wauzaji ulikuwa umefika mwisho, na malipo mapya yalikuwa bado kwenye mafaili ya mhasibu fulani. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Karatasi tu ilikuwa imekaa kwenye meza kilomita mamia kadhaa kutoka kwenye lile korongo.

Nilirudi nikachora kwa maka peni kwenye karatasi nne za manila, nikizisoma pointi kutoka kwenye daftari. Mkutanoni mzee mmoja alisimama, akazitazama manila zangu kwa heshima iliyonikera zaidi kuliko dharau.

"Mwanangu, ile ya kwenye kompyuta uliyotuonyesha juzi iko wapi?"

"Shikamoo, mzee. Imefungwa."

"Marahaba. Nani kaifunga?"

Nilianza kueleza habari za leseni na seva, nikaishia kusema ni wenye programu, wako Marekani. Mzee akauliza kama wenye programu walikuwepo tulipopima korongo. Watu walicheka. Mpango ulipitishwa, isipokuwa ule ukingo, ambao uliahirishwa kwa sababu mstari wangu wa maka ulikuwa mnene kama uelekeo wa kidole, na kwenye ardhi halisi unene huo ni mashamba ya familia mbili. Msimu wa mvua ukaanza bila mpaka uliokubaliwa, na mwezi Januari ng'ombe wakaingia kwenye mahindi. Siwezi kuapa kwamba waliingia kwa sababu ya leseni, maana ng'ombe hawasomi ramani. Lakini wale waliokwenda kugombana asubuhi ile hawakuwa na karatasi yoyote ya kuwekwa katikati yao.

Najua nitaambiwa kosa ni langu: ningechapisha mapema, ningehifadhi nakala kwa namna nyingine. Kweli, na sasa nahifadhi. Ila sikubali kwamba kumlaumu mwanafunzi kunamaliza habari, kwa sababu hali hii haikushuka kutoka mbinguni. Iliamuliwa, na tarehe zake zinajulikana. Mei 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake za picha na usanifu hayatauzwa tena moja kwa moja, yatalipiwa kwa mwezi au mwaka. Autodesk, wenye AutoCAD ambayo mafundi wa majengo na wapima wetu wameizoea kama jembe, waliweka 31 Januari 2016 kuwa siku ya mwisho ya kuuza leseni mpya za kudumu za programu hiyo. SketchUp nao wakafuata Novemba 2020. Kabla ya hapo ulinunua toleo, likazeeka mkononi mwako, ukaamua mwenyewe lini ununue jingine. Toleo la 2010 liliendelea kuchora mwaka 2018, taratibu, kama Land Rover ya misheni.

Watetezi wa mtindo huu wana hoja moja nzito, na siikwepi. Bei ya zamani ilikuwa ya kuogofya. Adobe ilikuwa ikiuza mkusanyiko wake mkubwa wa mwisho, wa mwaka 2012, kwa dola 2,599. Nani Tunduma angetoa hizo? Kusema kweli wengi wetu tulijifunzia kwenye nakala za wizi zilizopita kwenye flashi kutoka bweni hadi bweni, virusi vikiwemo. Malipo ya mwezi, wanasema, yanampa mnyonge nafasi ya kuingia kwa mlango halali.

Sawa. Tupige hesabu ya huo mlango. AutoCAD leo ni karibu dola 2,000 kwa mwaka, yaani karibu shilingi milioni 5. Kima cha chini cha mshahara serikalini, baada ya kupandishwa kutoka 370,000, ni shilingi 500,000 kwa mwezi tangu Julai 2025. Anayelipwa kima hicho atafanya kazi miezi kumi kulipia programu, na miwili iliyobaki ale. Mwakani aanze tena. Na akisimama mwaka wa nne, baada ya kulipa milioni 15, hana alichobaki nacho, hata toleo la miaka mitatu iliyopita.

Kulipa kidogokidogo sikupingi hata chembe. Cherehani ya mama ililipwa hivyo, na biashara ya cherehani ndiyo iliyousambaza mtindo huo duniani: mwaka 1856 Edward Clark, mshirika wa Isaac Singer, alianza kuwakabidhi wanunuzi mashine kwa malipo madogo ya mwanzo na mengine mwezi kwa mwezi. Lakini deni la Clark lilikuwa na mwisho. Siku ya mwisho ya kulipa ilikuwa siku ya kwanza ya kumiliki. Kinachouzwa leo ni deni lililokatwa mkia, na mwezi wa mapato upande wetu hauna tarehe. Mkulima wa Momba anapata fedha mnada wa ufuta ukiisha, na fundi mchoraji anayemtegemea mkulima huyo anapata baada yake. Mwenye programu anataka chake tarehe ileile, mvua inyeshe isinyeshe.

Ofisi za umma ziko pabaya zaidi, ingawa hazisemi. Yeyote aliyewahi kukaa karibu na miradi anajua fedha inavyoingia: mradi unakuja na fungu la vifaa, gari, kompyuta, programu. Ukiisha, gari linabaki, kompyuta zinabaki. Leseni ya kudumu nayo ilikuwa inabaki. Sasa inaondoka na mfadhili, na fedha ya matumizi ya kawaida, ambayo haitoshi hata wino, haiwezi kuibeba. Nimeona katika ofisi moja kompyuta nzuri yenye kioo kikubwa ikitumika kuandikia barua, kwa sababu programu ya ramani iliyokuja nayo ililala siku mradi ulipofungwa. Ramani za vijiji zimo humohumo ndani. Mwenye nyumba wa Sinza anayedai kodi ya miezi sita mbele, kwa ukorofi wake wote, akikutoa anakuachia godoro lako.

Na ufunguo ukiwa kwa mwingine, hata fedha haitoshi. Oktoba 2019 Adobe iliwatangazia watumiaji wake wa Venezuela kwamba akaunti zao zitafungwa, kwa kutii amri ya Rais wa Marekani dhidi ya serikali yao. Baadaye mwezi huohuo kibali kilipatikana na mpango ukaghairiwa. Wachora picha wa Caracas walikuwa hawajagombana na mtu.

Hasira yangu kubwa lakini naielekeza nyumbani, kwenye vyuo. Tunapewa leseni za wanafunzi bure, tunashangilia, tunafundishwa vitufe vya kampuni moja kwa miaka mitatu au minne, halafu tunahitimu na ubure unaisha siku ya joho. Mhadhiri hajatufundisha kupima, ametufundisha kuwa wateja. QGIS ipo tangu mwaka 2002, Gary Sherman alipoianza kule Alaska, haidai senti na haiulizi kama uko mtandaoni. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Dar es Salaam waliitumia katika Ramani Huria, iliyoanza 2015, kuchora mitaa ya jiji inayofurika. Taarifa za afya za nchi hii zinapita kwenye DHIS2, programu huria iliyokulia Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wetu wamo miongoni mwa walioijenga. Kwa hiyo hoja ya kwamba vya bure ni vya majaribio haisimami. QGIS ina kero zake, nilikesha wiki mbili nikijifunza upya vitu nilivyokuwa nafanya kwa macho kufumba, na kuna mambo bado inanishinda. Ila chuo kiifundishe mwaka wa kwanza, nyingine ije baadaye kwa anayetaka. Na yeyote anayelipia ramani ya kijiji kwa fedha ya umma adai mafaili yanayofunguka bila ufunguo wa kampuni, kabla hajasaini malipo ya mwisho.

Nimelichora upya korongo, kutoka kwenye pointi za daftari. Mtendaji wa kijiji ameshaibandika nakala ofisini kwa gundi ya unga, na suala la ukingo litarudi mkutanoni baada ya mavuno. Tabaka la udongo tu ndilo limebaki ndani ya faili la zamani. Rafiki yangu wa Dar ambaye leseni yake bado iko hai ameahidi kunifungulia na kunitolea kabla haijaisha, mwisho wa mwezi huu. Anadai chipsi kuku.